Sahani Zirudishwe Alhamisi

Nchi ninayoisimulia haipo. Na kama ipo, si hii. Na kama ni hii, basi si siku hizi, na wote waliohusika wamekwisha kufa kwa uzee, vitandani mwao, wakiwa na furaha. Naomba hilo lieleweke mapema kabla sijaendelea, maana nami nina mke na watoto, na ningependa kuwaona jioni.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Idara ya Maneno Yenye Hadhi, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilizinduliwa mara tatu bila kupanda hata mara moja. Humo alifanya kazi Mashavu binti Sefu, mfasiri daraja la pili, mjane wa miaka arobaini na tisa, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maneno ya Kiingereza yanayoingia nchini na kuyatafutia Kiswahili kisichomuudhi mtu. Alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumdharau. Katika idara ile wale wasio waoga walikuwa wameshaondoka, na hakuna aliyeuliza walikwenda wapi. Mashavu aliogopa simu ya mezani, aliogopa bahasha za kaki, aliogopa viatu vinavyong'aa vikipita koridoni. Alichokuwa hakiogopi ni kurudi nyumbani tu, kwa sababu huko alikuwapo mama yake, Bi Msimu, kikongwe wa miaka sabini na minne ambaye hakuwahi kumwogopa kiumbe.

Mambo yaliharibika siku chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kilichokuwa na shida ya fedha za paa, kilipomletea Mtukufu Mkuu shahada ya udaktari wa heshima. Cheti kilifika kwenye kasha la mahameli. Kilikuwa kimeandikwa Kiingereza cha kanisani, na katikati yake lilikaa neno bestow, herufi zimepambwa kwa rangi ya dhahabu. Mtukufu Mkuu alilitazama neno lile kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa Ikulu: kwa nini hawakuandika give, kama watu wengine?

Waziri wa Hisani alisema ni swali zito. Waziri wa Mazito alisema ni swali la hisani. Saa mbili baadaye Mashavu akachukuliwa kutoka mezani kwake, hajamaliza hata chai yake, akapakiwa kwenye gari lenye vioo vyeusi pamoja na mkurugenzi wake, Daktari Ndauka, mtu aliyekuwa na kawaida ya kutoka jasho hata kabla ya kuambiwa jambo. Njia nzima Daktari Ndauka alikuwa akimnong'oneza, "Usimweleze sana. Wala usimweleze kidogo."

Walimkuta Mtukufu Mkuu amekaa kwenye kiti kirefu, cheti kipo magotini.

"Haya mama, sema. Hili na lile yana tofauti gani?"

Mashavu aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali. "Mtukufu Mkuu, give ni kupa tu. Kupa ni kwa kila mtu. Mtoto anampa mwenzake pipi, jirani anampa jirani chumvi. Lakini bestow ni neno rasmi, Mtukufu. Halisemwi kwa chumvi. Linasemwa kwa cheo, kwa nishani, kwa baraka, kwa vitu vya uzito. Sisi tunaita kutunuku. Na kwa kawaida linatoka kwa aliye juu, linakwenda kwa aliye chini."

"Linakwenda chini."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na huyu aliyetunukiwa," alisema Mtukufu Mkuu, akikigonga cheti kwa kidole, "ni mimi."

Mawaziri wote wakagundua kwamba viatu vyao vina jambo la kutazamwa. Mashavu akawaza, kwa uwazi wa ajabu, kwamba nyumbani ameacha nguo kambani na mama hawezi kuifikia kamba. Woga una namna yake ya kumfundisha mtu kusema. Akafumbua mdomo, na maneno yakatoka bila kumuuliza.

"Mtukufu Mkuu, hapo kilichotunukiwa ni chuo. Kimetunukiwa nafasi ya kukuletea."

Mtukufu Mkuu akamkazia macho. Kisha akacheka. Mawaziri wakacheka kwa ngazi zao, mkubwa kwanza, na Waziri wa Hisani akacheka hadi akaomba leso. Mashavu aliruhusiwa kuondoka. Alipofika ngazini, alitapika ndani ya chungu cha maua, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akarudi ofisini kumalizia chai.

*

Mtukufu Mkuu alilipenda neno lile kupita kiasi. Ndani ya wiki mbili Sheria ya Utoaji Wenye Hadhi ikapita bungeni kwa dakika kumi na moja, nane zikiwa za makofi. Sheria ilikuwa fupi na nzuri. Ilisema kwamba nchini mtoaji ni mmoja. Yeye hutunuku. Wananchi wengine wote, wakiwa na kitu mkononi na mtu mbele yao, wanafikisha tu kwa niaba yake, na kwa hilo watahitaji fomu.

Redio ikaanza kutangaza kwamba wakazi wa kusini wametunukiwa mvua za wastani. Mvua zilipozidi zikabomoa daraja, redio ilisema kwamba mafuriko yametokea, maana mafuriko hayakuwa na mwenyewe. Wauguzi walisimama mlangoni mwa wodi na kuwaambia wagonjwa, "Poleni jamani, leo hatujatunukiwa bandeji." Kliniki ya watoto iliwekewa ofisa mwenye daftari, kila mama aliyetaka kunyonyesha alitaja kwanza ananyonyesha kwa niaba ya nani, ndipo mtoto anaruhusiwa. Watoto wa nchi ile walikuwa wakorofi, hawakusubiri.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kupeana. Mwanasheria Mkuu alilifafanua mwenyewe kwenye televisheni, kwa uchungu. Katika kupeana, alisema, kitu kinakwenda na kingine kinakuja, na mwisho wake hakuna anayeweza kusema nani yuko juu na nani yuko chini. Taifa haliwezi kujengwa na watu wasiojua nani yuko juu. Kuanzia siku hiyo watu waliokutana njiani walitia mikono mifukoni, wakaamkiana kwa nyusi.

Mashavu ndiye aliyepewa kazi ya kuliingiza neno katika Kamusi ya Taifa. Samahani, aliyetunukiwa. Aliandika kwamba kutunuku ni kutoa kwa hadhi, kutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini. Hapo angeweza kuweka nukta na kwenda zake. Lakini siku hiyo viatu vinavyong'aa vilikuwa vimepita koridoni mara mbili, na kwa woga tu, akidhani itampendeza mtu fulani, aliongeza sentensi ambayo haimo katika kamusi yoyote duniani: kwamba kitu cha kupewa huwa chako, bali kitu cha kutunukiwa hubaki cha aliyekutunuku, wewe unakishika tu, naye anaweza kukitaka wakati wowote. Daktari Ndauka alipoisoma alimkumbatia. Kisha akakumbuka sheria, akamwachia.

Jioni ile Bi Msimu alikuwa barazani anachambua mchele, redio iko pembeni.

"Mashavu, hilo neno wanalolipigia kelele ndilo lako?"

"Ni la Kiingereza, mama."

"Basi lirudishwe kwao. Mimi na Chausiku tuna miaka thelathini tunapeana mboga juu ya ukuta huu, na hakuna siku hata moja tuliyoulizana nani yuko juu. Mrefu ni yeye, lakini hilo ni la Mungu."

"Mama, punguza sauti."

"Hii ndiyo sauti yangu. Sina nyingine."

Mashavu aliinuka, akaenda kufunga dirisha. Alisimama pale kidogo, mkono upo kwenye komeo, akisikiliza kama kuna mtu uchochoroni.

*

Siku ya kuzaliwa ya Mtukufu Mkuu ilifika, na kila nyumba nchini ikatunukiwa sahani moja ya pilau. Malori yalipita mitaani na tarumbeta. Sahani zilikuwa za bati, nyeupe, na chini kabisa ilichorwa sura ya Mtukufu Mkuu akitabasamu, ili mwananchi ale, ale, mwisho akutane naye. Pilau lilikuwa limepoa na nyama ilikuwa ya kutafuta, lakini mtu hawezi kusema nilikula vibaya wakati anatazamwa vile.

Wakuu walijipangia kila kitu, na kosa lao likawa la karatasi moja. Zile sahani zilikuwa za kuazima kutoka jeshini, kwa hiyo tangazo likabandikwa kila mtaa: SAHANI ZIRUDISHWE ALHAMISI KABLA YA SAA SITA. WASIORUDISHA WATACHUKULIWA HATUA. Aliyeliandika alikuwa kijana aliyesomea ng'ambo tangu utotoni, na ndiyo maana hakuona hatari yoyote ndani yake. Katika nchi ile hakuna mtu aliyelelewa na mama yake akafundishwa kurudisha sahani ya watu tupu. Ukiletewa wali, unarudisha hata ndizi mbili. Ukikosa ndizi, unatia chumvi. Watu walifanya hivyo bila kuwaza, kama unavyovua viatu mlangoni.

Alhamisi asubuhi, basi, ofisi za kata nchi nzima zilizungukwa na foleni za watu wenye nguo safi, kila mmoja na sahani yake imefunikwa. Visheti, mihogo ya nazi, dagaa wa kukaanga, kisamvu, maboga, na nyumba moja iliyokuwa na msiba ilileta tende tatu. Watu walikuwa wakicheka na kuulizana nani kapika nini. Ilikuwa ni mara ya kwanza baada ya miezi mingi kuonekana watu wakicheka mikono ikiwa nje ya mifuko.

Wa kwanza katika foleni ya kata ya Mlandege alikuwa Bi Msimu, na mkate wa kumimina.

Mashavu alikuwa kazini. Aliyasikia kwa simu ya Bi Chausiku, jirani yao, aliyekuwa wa pili katika foleni ileile na sasa alikuwa akizungumza huku anahema.

"Mashavu, mwanangu, kaa chini kwanza. Umekaa? Yule karani alifunua ile kawa, akamuuliza mama yako, bibi, hii nini? Akamwambia, sahani yenu. Akasema, naona sahani, je hiki kilichomo? Mama yako akamtazama, unamjua, akamwambia, we mtoto, umelelewa na nani? Basi yule karani akairudishia kawa upesi. Akapiga simu. Huko alikopiga wakapiga simu nyingine. Wakaja wanaume wanne. Mashavu, wamemchukua mama."

"Wamempeleka wapi?"

"Wamesema ametunukiwa mapumziko."

Mashavu aliirudisha simu mahali pake taratibu, kama yai. Meza iliyofuata ilikuwa ya Bwana Lutandula, mfasiri mzuri kuliko wote, ambaye mwaka uliopita alitunukiwa mapumziko ya mwezi mmoja kwa koma iliyokaa vibaya katika salamu za Mwaka Mpya. Alirudi mzima, hana hata alama. Ila tangu hapo akitaka kunywa maji huinua mkono na kungoja. Na yule wa meza ya dirishani, aliyetunukiwa kabla yake, kiti chake bado kilikuwa na koti.

Sitaficha neno. Mashavu alilia, lakini alilia bila sauti, uso ameuelekeza kwenye kabati la majalada, ili anayepita adhani anatafuta kitu.

*

Kule juu walikuwa wameingiwa na woga pia, na woga wa wakubwa ni mbaya zaidi kwa sababu una magari. Tangu sheria ipite, vitu nchini vilikuwa vikishuka tu. Sasa, katika asubuhi moja, vitu vilikuwa vinapanda kutoka kila kata, vya moto, vimefunikwa. Mkuu wa Usalama aliita tukio lile Uasi wa Sahani. Kwa kubana matumizi alikamata wa kwanza tu katika kila foleni.

Saa saba mchana Daktari Ndauka aliingia chumbani kwa Mashavu, shati limelowa hadi kwenye tai.

"Mtukufu Mkuu anataka neno. Kesho saa nne. Anataka kujua hawa watu wamefanya nini. Akishajua jina lake ndipo atajua awafanye nini."

"Wote waliokamatwa?"

"Wote. Mama Mashavu, najua yuko nani mle ndani. Jalada lake ni nambari moja." Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu. "Tafuta neno zuri, dada yangu. Nakuomba."

Akatoka. Mashavu akachukua karatasi na kuanza kuyajaribu maneno mojamoja, huku jua likizunguka kutoka dirisha moja hadi jingine. Akisema wananchi wamemtunuku Mtukufu Mkuu, basi wao wako juu yake, na hapo magereza hayatatosha. Akisema wamempa, ni kosa chini ya kifungu cha pili. Akisema wamemrudishia, maana yake walipeana naye, yaani Mtukufu Mkuu ana majirani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitamka. Sadaka ingemfanya maskini. Rushwa ingemfanya mla rushwa. Ushuru ungeleta Hazina, nao wangetaka kujua visheti vimehifadhiwa wapi. Kila neno alilolishika lilikuwa na shingo ya mama yake ndani yake. Alipoinuka kwenda nyumbani karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa, na bado ilikuwa tupu.

Kesho yake saa nne alisimama tena mbele ya kiti kirefu. Juu ya meza ilikuwapo sahani ya mkate wa kumimina, wa jana, umeanza kukauka pembeni. Kipande kimoja kilikuwa kimekatwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza nani amekionja.

"Sema."

"Mtukufu Mkuu," alisema Mashavu, "wananchi hawakutoa kitu. Hawana cha kutoa. Pilau ulilowatunuku lilipofika majumbani liliwazidi hadhi, likafurika. Hiki kilichokuja ni kile kile ulichotunuku. Ni ukarimu wako mwenyewe unarudi kukusalimu."

"Nilitunuku pilau. Huu ni mkate."

"Ukarimu wa Mtukufu hauna umbo moja."

Waziri wa Hisani akapumua. Mkuu wa Usalama hakupumua. Mtukufu Mkuu akajishika kidevu, akautazama mkate, na Mashavu akaona kwamba ameupenda, ameupenda sana. Kisha akasema jambo ambalo Mashavu hakulitarajia.

"Mleteni huyo bibi aliyeupika. Nataka alitamke yeye."

Bi Msimu aliingizwa. Ilikuwa siku moja tu, lakini alikuwa amepungua, kama mtu aliyetolewa ndani ya nguo akarudishwa mdogo. Alikuwa peku. Kilemba chake hakikuwapo, na Mashavu, ambaye tangu utu uzima wake hakuwahi kuziona mvi za mama yake mbele za wanaume, alitaka sakafu ipasuke. Bi Msimu alitazama huku na huku, akamwona binti yake, akaona jinsi alivyoikamata ile karatasi.

"Bibi," alisema Mtukufu Mkuu kwa upole, "huu mkate umetoka kwako au umetoka kwangu?"

Bi Msimu alikuwa bado anamtazama Mashavu. Mashavu hakuthubutu kutikisa kichwa. Alimwomba kwa macho tu, alimsihi, mama, mara hii moja, mama. Alikuwa anaijua ile midomo. Maisha yake yote alikuwa hajaisikia ikisema uongo.

"Umetoka kwako, baba," alisema Bi Msimu, akainamisha uso.

Makofi yakalipuka. Mtukufu Mkuu akamega kipande cha pili mbele ya watu wote.

*

Wa kwanza wa foleni zote wakaachiwa. Lakini katika nchi ile hakuna aliyeachiwa hivihivi. Ilifanywa sherehe uwanjani, bendi ikapiga, na kila familia ikaitwa mbele kutunukiwa mtu wake. Mashavu alipiga goti, akapokea hati yenye muhuri: Mama, mmoja, hali ya kuridhisha. Chini yake, kwa maandishi madogo, ilikuwapo sentensi aliyoijua neno kwa neno, kwa kuwa ni yeye aliyeitunga: kwamba kitu cha kutunukiwa hubaki cha aliyekutunuku, naye anaweza kukitaka wakati wowote. Kwa hiyo aliwekewa mkaguzi. Alikuwa kijana mpole mwenye pikipiki, kazi yake kukaa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai la duka, na kuandika jinsi mama anavyotunzwa na anavyotumika.

Bi Msimu alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka, uso kaelekeza ukutani. Hakupika. Redio hakuifungua. Mashavu akimwita aliitikia kwa adabu, "Naam," kama mgeni, na adabu ile ilimuumiza Mashavu kuliko matusi. Hakumuuliza huko walimfanya nini. Alichojua ni kwamba hakuna kilichomkunja mama yake kama yale maneno machache aliyoyatamka mbele ya ule mkate, na kwamba aliyatamka kwa ajili yake yeye.

Siku ya nne, saa sita na nusu mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Bi Chausiku, kajifunga leso mpya, mikononi bakuli la plastiki limefunikwa kwa sahani. Harufu ya kunde za nazi ikaingia kabla yake.

"Hodi wenyewe. Nimekuja kumpa pole shoga yangu."

Alilisema neno lile, kumpa, kwa sauti yake yote, mlangoni, mchana kweupe. Ng'ambo ya barabara kijana wa pikipiki aliinua kichwa, akafungua daftari.

Mashavu alikuwa na hati ndani. Alikuwa na mama mmoja, hali ya kuridhisha. Akasimama katikati ya mlango, na maneno yakatoka tena bila kumuuliza, makavu, ya ofisini.

"Bi Chausiku, una fomu? Hiki hakiwezi kupokewa hapa. Kipeleke kata kwanza, kipigwe muhuri."

Bi Chausiku alimtazama kama hamjui. Akageuka na bakuli lake, akashuka ngazi, akaanza kuondoka taratibu, mgongo umenyooka.

Nyuma ya Mashavu mkeka ukalia. Bi Msimu alikuwa amesimama. Alijifunga kanga kiunoni, akampita binti yake bila kumgusa, akatoka nje peku kwenye jua.

"We Chausiku! Unakwenda wapi na chakula changu?"

Bi Chausiku akasimama. Bi Msimu akamfikia, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akaketi palepale chini kando ya barabara, akafunua.

"Nimepewa!" alisema, na ile ilikuwa sauti yake, ile asiyokuwa na nyingine. Mtaa mzima uliisikia. Madirisha mawili yakafungwa. "Nimepewa na huyu hapa. Na ule mkate nilipika mimi, kwa mikono yangu hii, nikampa yule bwana kwa kuwa aliniletea sahani. Andika, mwanangu, andika vizuri, usikosee."

Yule kijana hakuandika. Alilitia daftari mfukoni, akapanda pikipiki, na injini ikawaka. Mashavu aliitazama ikikata kona ya kuelekea mjini. Alijua umbali. Kwenda na kurudi na gari la wale wanaume, dakika ishirini, pengine ishirini na tano kama kuna msongamano. Angeweza kuingia ndani na kufunga mlango. Angeweza kukimbilia simu, akawahi kusema yeye kwanza kwamba kitu alichokabidhiwa kimeharibika. Maneno alikuwa nayo tayari, kayapanga hata bila kutaka.

Mashavu alishuka ngazi zile tatu akishika ukuta, akawafikia, akaketi chini vumbini kati ya mama yake na Bi Chausiku, miwani imemshuka puani.

"Mama," alisema, "nipe na mimi."

Bi Msimu akampa.